Toeni Sura Yangu Kwenye Chupa

Ingieni wanangu, kaeni karibu, na wewe mkwe wangu usisimame mlangoni kama mgeni, vuta kigoda uje hapa miguuni kwangu. Fungeni ule mlango wa kwenda dukani, mteja akibisha atarudi kesho. Sauti yangu ni hii hii mnayoisikia, haipandi zaidi ya hapa, kwa hiyo nyamazeni nyinyi ili nisikike mimi. Nimewaita nitoe wosia, na ninautoa nikiwa na hasira, kwa sababu nikisema nisubiri ipoe naona nitapoa mimi kwanza.

Kabla sijasema lolote tazameni dirishani. Mnaona chupa mbili. Hiyo isiyo na lebo ni yangu, niliificha chini ya kitanda, ndiyo ya mwisho niliyoitengeneza kwa mikono hii kabla miguu haijanikatalia. Hiyo nyingine imetoka dukani kwako, mwanangu wa kwanza, ina lebo ya rangi na sura yangu inacheka, wala sijui inacheka nini. Zimelala hapo tangu jana na baridi lote hili. Yangu imeganda, nyeupe, hata ukiipindua haimwagiki. Ya kwako inachezacheza ndani kama maji ya bomba. Ziacheni hapo hapo, tutazirudia.

Nataka mjue nilivyogundua, maana huyu kaka yenu anadhani kuna mtu kamchongea. Hakuna aliyemchongea. Tangu nilipolala hapa, mkwe wangu hunipaka mafuta kila jioni, mgongo na miguu, na mikono yake ni mizuri, siwezi kuidhulumu. Siku za mwanzo alinipaka yale yaliyobaki kwenye vyungu vyangu na nilisinzia nikijinusa mwenyewe. Halafu ikafika jioni moja nikapakwa, nikavuta pumzi, sikupata kitu. Kesho yake tena, hakuna kitu. Nikajua basi, pua imekufa, imetangulia. Mimi niliyekuwa nikijua tui limelala vizuri au limeharibika kabla sijafunua kawa, leo napakwa mafuta mwili mzima na sisikii harufu yake! Nikageukia ukutani nikalia, na mkwe wangu akadhani ni mgongo, akazidi kusugua.

Kumbe pua ilikuwa nzima. Nilisikia kitunguu kikikaangwa jikoni, nikashangaa. Kisha akaingia mwanangu huyu wa kwanza kuniangalia, akavua viatu, na soksi zake zikanisalimia kabla yake. Nikasema moyoni, mbona hizi nazisikia vizuri sana?

Ndipo akaja mdogo wake, huyu ambaye tangu utotoni tunamwita Pua, kwa sababu hakuna kitu alichokipitia bila kukikunjia pua yake. Alikuwa ametoka kazini kwake kwa dobi, mikono imenyauka kwa sabuni. Akainama kunisalimia, akauweka uso wake shingoni kwangu kama alivyozoea akiwa mdogo, akainuka, akanitazama kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Akaniuliza, “Mama, mbona hunuki?”

Wanangu, nimetukanwa mengi katika maisha yangu. Wifi yangu, dada wa baba yenu, ndiye aliyenipa hili jina la Mama Machicha, siku niliyotoka kukuna nazi nikaenda moja kwa moja kwenye harusi ya jirani na machicha yamenigandia kwenye nywele, akaangua kicheko mbele ya watu wote, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima haukuniita tena jina langu. Jina nilimsamehe, likaja kuniuzia mafuta. Kile kicheko sijamsamehe mpaka leo, na akija mazikoni mpeni kiti cha nyuma. Lakini hata kicheko kile hakikuniuma kama swali la huyu mtoto. Maana nimenuka nazi tangu nilipoolewa. Nilinuka nazi nikiwa na mimba zenu, nikiwanyonyesha, nikiwazika babu na bibi yenu. Leo nakwenda zangu, na mwanangu ananikosa nikiwa hai.

Nikamwita kaka yenu nikamuuliza ninapakwa nini. Akacheka! Akakaa pale pale alipokaa sasa, akanieleza kwa upole kama anayemweleza mtoto, kwamba vyungu vyangu vimekauka na duka haliwezi kufungwa, kwa hiyo analeta madumu ya mafuta ya kiwandani, anatia matone ya manukato ya nazi kwenye zile za kuuza, zile za nyumbani hazitiwi hata hayo matone, anabandika lebo, na biashara inaendelea. Nikamwambia lebo inasema mafuta ya tui, kwa mkono wa Mama Machicha. Akaniambia, “Mama, watu hawataki mafuta yanayoganda.”

Hapo ndipo nilipotamani kuvua ngozi yote niliyopakwa niitupe uani.

Ni kweli, msimu wa baridi uliopita walirudisha chupa. Fundi cherehani wa hapo jirani alikuja na yake ameishika kwa ncha za vidole, anasema tumemwekea mafuta ya ng'ombe. Mimi nilikuwa bado natembea. Niliichukua ile chupa, nikamwambia ikae kwapani mwake wakati tunazungumza, na kabla hajamaliza kulalamika ikawa maji. Akaenda zake anacheka, na akarudi kununua nyingine. Ndivyo mteja anavyofundishwa. Lakini wewe, mwanangu, uliona uvivu kumfundisha mtu kwamba mafuta ya nazi yanaganda, ukaona ni rahisi kumtafutia mafuta yasiyoganda na kumdanganya kuwa ni yangu. Ulisahihisha kitu ambacho hakikuwa na kosa. Nimetafuta neno jingine la kueleza ninavyojisikia, nimekosa. Ni kichefuchefu.

Naomba maji kidogo. Basi, inatosha, usinilowanishe.

Sasa nisikilizeni niwaambie mafuta, maana naona mmekula, mmevaa, na mmesomeshwa kwa mafuta na bado hamyajui. Siyachukii mafuta yoyote mimi. Hata hayo ya madumu siyachukii. Kila mafuta yana kazi yake, na uchafu unaanza pale unapoyapa kazi ya wenzake.

Yangu mimi ni ya tui lisilopikwa. Nazi iliyokomaa, inakunwa siku hiyo hiyo inayovunjwa, inakamuliwa kwa maji ya vuguvugu kidogo tu, inachujwa kwenye kifumbu, tui linawekwa kwenye chombo safi na kufunikwa mpaka kesho yake. Halikorogwi, halichunguliwi kila saa. Lenyewe linajitenga, maji yanashuka chini, mafuta yanakaa juu yake, na juu kabisa unabaki ule utando mchachu uliokuwa ukimtapisha Pua. Unauondoa, unayachota mafuta taratibu, unayachuja kwa kitambaa, unayapasha moto kidogo sana ili maji yaliyojificha yatoke, kwa sababu maji yakibaki mafuta yatachacha, na mafuta yaliyochacha hata mlango haufai kupakwa. Hayo ndiyo ya kichwa cha mtoto mchanga, ya nywele, ya ngozi iliyopasuka, na ukitaka kula, tia kijiko kwenye chakula kikiwa kimeshaiva. Usiyakaangie kwa moto mkali, yatatoa moshi na utaua kila kitu ulichokihangaikia.

Nikiwa na haraka, au nazi zikiwa nyingi kuliko vyombo, nililipika tui lenyewe kwenye sufuria pana mpaka likakatika, mafuta yakapanda na chini yakabaki yale makombo ya kahawia mliyokuwa mkigombania na vijiko. Hayo yana rangi kidogo na harufu ya kitu kilichochomwa vizuri. Ni ya jikoni, na ya nywele pia kwa asiyejali kunukia chakula. Niliyauza kwa jina lake, mafuta ya kupikwa, kwenye chupa fupi, na hakuna siku niliyoyatia kwenye chupa ndefu ya yale mengine.

Baba yenu yeye alikuwa mtu wa mbata. Mnamkumbuka, Mungu amrehemu, akirudi kutoka banda la kukaushia, nazi zilizopasuliwa zimepangwa juu ya moshi, na yeye mwenyewe amekauka pamoja nazo. Alizikamua kwenye ile mashine ya nyuma ya nyumba, yakatoka mafuta ya njano, mazito, yananuka moshi na jasho lake. Nilimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa, mume wangu, ama hayo mafuta ama mimi, kitandani hatutoshi watatu. Akaenda kuoga. Tuliishi hivyo, yeye na mbata yake uani, mimi na tui langu banda la mbele, na kila mmoja alikuwa na mataulo yake. Lakini alikuwa mkweli. Hakuwahi kumwambia mtu ayale yale mafuta wala ampake mtoto. Aliyachemsha na magadi makali akatengeneza sabuni, na sabuni ile ilitoa povu hata kwenye maji ya chumvi, mkavaa shuleni mashati meupe kuliko ya watoto wa mwalimu. Mbata iliyoota ukungu aliifukia shimoni. Nimemwona akifukia magunia mazima huku uso umemkunjamana, na hakuna aliyekuwa akimtazama isipokuwa mimi.

Sasa hayo ya madumu. Hayo nayo ni mbata, isipokuwa kiwanda kimeyachukua kikayasafisha, kikayatoa rangi, kikayapitishia mvuke mpaka harufu ikahama na ladha ikahama. Si sumu. Ni mazuri kwa kukaangia, yanastahimili moto kuliko yangu, na mwoka mikate anayapenda kwa sababu hayamwingilii mkate wake. Ukiyauza kwa jina hilo, ya kukaangia, yaliyosafishwa kiwandani, hayana harufu, nitakubariki. Nayo pia huganda kwenye baridi, na ndiyo maana wewe mwanangu hukuishia hapo. Ulikwenda kutafuta yale mengine, yaliyoondolewa ile sehemu inayoganda, yanakaa maji mwaka mzima. Hayo wanayatumia wakandaji na watengeneza manukato, yanateleza, hayaachi doa kwenye shuka, nao wana haki ya kuyatumia. Lakini mkeo aliyatia kwenye kikaango juzi, nyumba nzima tukakohoa, na nyinyi wawili mkatazamana kama wezi. Niliwaona. Mwili ndio umelala, macho hayajalala.

Mkwe wangu, usiinamishe kichwa. Ulijua. Nilipokuwa nalia kwa ajili ya pua yangu ulijua, ukaendelea kusugua. Najua pia kwamba mumeo akikutazama vibaya unanywea, na mimi ndiye niliyemzaa, kwa hiyo sehemu ya hilo nitaibeba mwenyewe.

Na ile lebo. Nilimwambia Pua anisomee. Eti yanatibu kisukari, yanafungua macho, yanaondoa uchungu wa moyo. Mimi niliyeyala na kuyapaka maisha yangu yote si ndiye huyu nimelala hapa, nageuzwa ubavu kama gunia? Yangekuwa yanatibu hayo yote ningekuwa nacheza ngoma uani. Mafuta ni mafuta. Yanalainisha, yanalisha, yanang'arisha. Aliyeandika yale maneno chini ya sura yangu amenifanya mganga wa uongo, na wapo akina mama huko nje wenye watoto wachanga walionunua kwa sababu wanaiamini sura hii, kwa sababu mama zao waliletewa chupa yangu walipojifungua. Hao ndio wanaoninyima usingizi. Nikiwa hai naweza kusema si yangu. Nikishazikwa ile picha itaendelea kucheka na kusema ndiyo, ndiyo, ni yangu, na hakuna wa kuifunga mdomo.

Nigeuzeni kidogo. Taratibu. Hapo.

Basi hivi ndivyo ninavyogawa, na msinibishie kwa sababu sina pumzi ya kubishana.

Duka ni lako, mwanangu wa kwanza. Chumba cha mbele, makabati, friji ya soda, mizani, vyote. Uza mafuta ya madumu, uza hata ya taa, lakini uza kila kitu kwa jina lake, na kama unataka sura kwenye chupa bandika ya kwako. Una sura nzuri, umenifanana. Chupa zote zenye sura yangu zilizoko kwenye makabati zitashushwa kabla sijazikwa. Zilizokwisha kutoka, utazifuata kwa miguu yako, hasa kwa wenye watoto, uwaambie kwa mdomo wako ulivyofanya. Usimtume mtu. Usiseme ni kosa la kiwanda.

Mashine ya baba yenu na masufuria ya sabuni nampa mkwe wangu. Una mikono yenye nguvu, mama, na sabuni haimtaki mtu anayesema sana. Kazi hiyo iwe yako, na ukiifanya vizuri utaweza kumtazama mumeo machoni siku atakapokuletea dumu.

Banda la tui, mbuzi zote za kukunia, vifumbu, vyombo, kisima, na jina langu la Machicha, nakupa wewe Pua.

Najua. Usinikunjie uso. Najua ulikimbilia kwa dobi kwa sababu hukuweza kuvumilia ule utando mchachu, ulikuwa ukitapika nyuma ya banda kila asubuhi mpaka majirani wakafikiri mengine. Nilikuwa nakuona mvivu, nikikutania mbele ya wageni. Lakini nimelala hapa nimefikiri. Kaka yako ananusa dumu na chupa yangu haoni tofauti, hasikii kinyaa hata kidogo, na mtu asiyesikia kinyaa huwezi kumwachia chakula cha watu. Wewe uliingia chumbani humu ukajua kwa pumzi moja. Kile kinachokutapisha ndicho kitakachokuambia tui limeharibika. Utatapika, utasukutua, utarudi kazini. Baba yako hakuipenda mbata siku hata moja.

Msiuze nyumba. Msigombane juu ya kisima, maji yanatosha. Dumu lolote lisivuke kizingiti cha banda, hata tupu. Na wewe Pua, mtu akikurudishia chupa iliyoganda, mwambie aiweke kwapani, zungumza naye mambo ya watoto wake, usubiri.

Nilitaka kusema jingine. Limenitoka. Lilihusu kitambaa cha kuchujia... basi, lile lile, kifueni kwa maji matupu, sabuni ya baba yenu huacha harufu.

Siku hiyo mniogeshe kwa sabuni yake. Atafurahi. Kisha mnipake haya yangu, ya dirishani. Mkinipaka yale mengine nitaamka.

Mwanangu wa kwanza, ilete hapa ile chupa yako. Usinipe mimi, ishike. Kwangua sura yangu. Hapa hapa, kwa ukucha, nisikie. Endelea, bado sikio. Nakusikia unalia, lia tu, ila kwangua. Ndiyo. Nimekusamehe, mwanangu. Nilikuwa nimekusamehe tangu asubuhi, nikaogopa kukuambia mapema usije ukaacha.

Mungu awape mikono safi na usingizi mzuri. Awape watoto watakaowanusa kwa mbali wajue ni nyinyi. Msiachane. Mle pamoja hata mkiwa mmenuniana.

Pua, chukua yangu. Usiiweke motoni. Ishike viganjani, hivyo, uiache ipate joto lako. Inayeyuka? Pembeni kwanza, ndivyo inavyoanza. Nipake hapa shingoni. Na hapa mkononi. Sasa inama, mama, kama zamani. Vuta pumzi.

Niambie. Nanuka?